Ndege ya Viti Viwili

Ndege ililetwa Voi juu ya lori, ikiwa haina mabawa. Mabawa yake yalikuwa kwenye lori la pili, yamefunikwa turubai, na watu waliokuwa wakinywa chai kando ya barabara walidhani ni mashua. Mimi nilikuwa dukani nikinunua mkate. Nililijua umbo lile kabla lori halijapita lote: pua fupi ya mviringo, na nyuma yake kioo kipana, kwa sababu ndani walikuwa wakikaa watu wawili bega kwa bega. Nilisimama na mkate wangu mkononi hadi mwenye duka akaniuliza, "Mwalimu, kuna nini?"

"Ndege ya aina hiyo nimeiendesha."

Akacheka kwa heshima, kama vijana wanavyocheka mzee akisema kwamba zamani alikuwa mchezaji hodari wa mpira. "Haya, Mwalimu," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Sikumlaumu. Hapa Mwakingali ninajulikana kama mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Baba yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, nami nikazaliwa katika nyumba za reli papa hapa Voi. Nimefundisha watoto wa mji huu hadi nikafundisha watoto wa wale watoto. Lakini kati ya nyumba za reli na ubao wa darasani kuna kipande cha maisha ambacho Voi haikukiona: nilikuwa mwanafunzi wa urubani jeshini. Wazazi wangu waliokijua wameshafariki. Mke wangu nilimsimulia mara nyingi mpaka akawa ananisahihisha nikikosea, na tangu alipoaga dunia hakuna wa kunisahihisha. Mwanangu hunipigia simu Jumapili kutoka Nairobi, na tunazungumza habari za dawa ya presha na mvua. Simu ikikatika nyumba hutulia, nami hufungua redio ili kuwe na sauti ya mtu.

Kesho yake nilinyoa ndevu nikaenda kwenye chuo cha ufundi, ambako ndege ilikuwa imeshushwa. Ilikuwa imestaafu kama mimi, na chuo kilipewa ili vijana wajifunzie vyuma na injini. Mkuu wa chuo, mama mmoja kijana mwenye sauti ya upole, hakunicheka. Alinivutia kiti kivulini, akasema, "Mzee, kama unaijua, tuambie. Sisi tumepewa mgonjwa bila historia yake."

Basi nikawaambia. Ndege hii haikubuniwa kwenye karatasi tupu. Huko ng'ambo ilikotengenezwa, kulikuwa kwanza na ndege ndogo ya mafunzo yenye propela puani. Dunia ilipoingia enzi ya jeti, ikaonekana kwamba kijana aliyefundishwa kwa propela akipelekwa moja kwa moja kwenye jeti ya kivita anachanganyikiwa: mwendo ni mwingine, hata sauti ni nyingine, na injini ya jeti haikuitikii papo hapo ukiiongezea mafuta. Wabunifu wakaichukua ile ndege ya zamani, wakaing'oa propela, wakaipa injini ya jeti nyuma ya viti na matundu mawili ya kuvutia hewa, moja kila upande. Mwanzoni ilibaki na miguu mirefu iliyohitajika kuikinga propela isiguse ardhi, ikatembea uwanjani kama mbuni. Baadaye wakaifupisha. Wakaongeza nguvu za injini, na viti vyenye baruti chini yake vya kumrusha rubani nje mambo yakiharibika.

"Na hizi ndoano chini ya bawa?" aliuliza msichana mmoja aliyevaa ovaroli.

Hapo ndipo ilipobadilika tabia, nikamwambia. Nchi nyingi zenye mfuko mdogo zilitaka ndege moja ifanye kazi mbili. Kwa hiyo ikatoka aina iliyokazwa mabawa ili yabebe mabomu na roketi, ikafungwa bunduki karibu na matundu ya hewa.

"Kwa hivyo ilikuwa ya shule ama ya vita?"

"Ya shule. Lakini ukiihitaji vitani, inakwenda."

Kwetu ilikuwa ya shule hasa. Ndani yake tulijifunza kupaa na kutua, kupinduka kichwa chini, kuruka ubavuni mwa ndege nyingine hadi unamwona mwenzako akipepesa macho, kusoma ramani ukiwa chini chini juu ya nyika, na kurusha kwa kutazama vipimo vya dashibodi pekee huku umefunikwa usione nje. Mwishoni, waliobaki walifundishwa kulenga shabaha. Kisha zikaja ndege mpya ambamo mwalimu hukaa nyuma ya mwanafunzi, na baada yake, zikaja tena zenye propela, kwa kuwa mafuta ya jeti ni ghali na propela za siku hizi zina nguvu. Vijana walicheka waliposikia hivyo.

Kitu ambacho sikuwaambia ni kile kiti cha kulia. Mwanafunzi alikaa kushoto, mwalimu kulia. Kwa miezi mwalimu yuko pale, goti lake karibu na lako, unasikia pumzi yake kwenye vipaza sauti vya kofia. Halafu siku moja mnatua, anakuambia usizime injini, anafungua mikanda yake na kuteremka. Anaifunga ile mikanda vizuri isije ikanasa kwenye usukani, anakupiga bega, anaondoka. Unapaa peke yako. Huko juu niligeuka kulia kumwuliza kitu, nikaona mikanda imefungwa juu ya kiti kitupu. Nimekuwa mpweke kwa namna nyingi tangu hapo, ila ule ulikuwa upweke ambao mtu amekupa kwa kukuamini. Niliutamani tena maisha yangu yote.

Nilipokuwa nikiaga, mkuu wa chuo akasema, "Kuna mzee mwingine aliyeisikia habari ya ndege hii redioni. Yuko Taveta. Mke wake alitupigia simu, anasema mumewe alikuwa akifundisha kwa ndege kama hii."

Nikamwuliza jina. Alipolitaja, nikamwomba alirudie.

Alikuwa mwalimu wangu. Miaka yote ile alikuwa amestaafu kwao Taveta akilima ndizi, mwendo wa saa chache kutoka mlangoni kwangu, na hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Lazima nieleze jinsi tulivyoachana. Siku hiyo zoezi letu lilikuwa la ramani. Tulishuka chini tukifuata reli kuelekea pwani, nami nilikuwa na furaha ya kitoto kwa sababu tulikuwa tumeipita Voi, na nilijua mama yangu yuko chini pale akianika nguo au akipika. Mwalimu aliniambia, "Macho mbele, kijana. Nyumbani kwenu utakwenda likizo." Tulikuwa upande wa Miasenyi wakati tai walipotokea. Sikuwaona hata kuwahesabu. Kulikuwa na kishindo ubavuni, ndege ikatetemeka kama gari lililopasua gurudumu, na kelele ya injini, ambayo huwa unaisahau kwa kuizoea, ikakatika.

"Ninayo," alisema mwalimu, maana yake ameshika usukani. Akainua pua ili mwendo tuliokuwa nao utupe kimo. Tulipanda kimya kimya. Mkono wake ulikuwa ukijaribu kuiwasha injini. Kisha akasema bila kupaza sauti, "Ruka."

"Afande—"

"Ruka sasa!"

Nikavuta mpini wa kiti cha baruti. Cha baada ya hapo sikikumbuki vizuri, ila maumivu ya mgongo na mwanga mweupe, halafu mwavuli umefunguka na dunia yote nyekundu inanijia miguuni. Nilianguka vibaya katikati ya miiba. Nilijaribu kuinuka, miguu ikakataa. Niliita, "Afande! Afande!" Hakuna aliyejibu. Nilikuwa sijamwona akitoka. Mbali niliona moshi, na mbali zaidi nikasikia treni ya mizigo ikipita taratibu kuelekea Voi, na nikalia kwa sababu treni ile ilikuwa inakwenda nyumbani.

Aliyenikuta ni mama mmoja aliyekuwa akikusanya kuni. Alisimama mbali kwanza, akinitazama mimi na ule mwavuli uliotanda juu ya vichaka.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Juu, mama."

"Juu wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Alitazama juu kwa muda, kana kwamba kunaweza kuwa na wengine. Kisha akatua mzigo wake, akaninywesha maji kwa kibuyu, akafungua kanga yake moja akanitandia kivuli juu ya uso kwa kuifunga kwenye matawi. Hakuniuliza tena. Alikaa karibu na kichwa changu akiomba kwa lugha yake, na kila nilipofumba macho alinigusa shavu. Hakuniacha mpaka watu walipokuja.

Miongoni mwao alikuwa mwalimu wangu, anachechemea, uso umechubuka. Alipiga magoti kando yangu. "Uliruka nilipokuambia," alisema. "Hilo ndilo nililotaka."

Mama yangu aliwasimulia majirani maisha yake yote kwa maneno yale yale: "Ndege kaingia ndege, mwanangu akashuka bila ndege." Wengine walicheka, naye alicheka nao. Siku zile mimi nilikuwa nimelala hospitali, na daktari alikuwa ameniambia kwamba uti wa mgongo umebanwa, nitatembea, lakini kwenye kiti cha baruti sitakaa tena. Mwalimu alikuja kunitazama mara moja, akaleta machungwa, akakaa kimya kuliko kawaida yake. Wiki ile ile alihamishwa. Nami nikaondoka jeshini, nikasoma ualimu, nikarudi Voi.

Kuna swali moja nililobaki nalo. Kwa nini alichelewa kuruka? Watu wa Miasenyi walisema ndege ilianguka nje kidogo ya vibanda vya barabarani. Mimi nilijiambia kwamba aliigeuza, kwamba alibaki kwa ajili yao. Nilimsimulia mke wangu hivyo. Aliniuliza, "Alikuambia mwenyewe?" Nikasema hapana. "Basi usiapie."

Nilikwenda Taveta Jumamosi. Baada ya Mwatate na mashamba ya mkonge barabara inanyooka, Kilimanjaro ilikuwa imejificha mawinguni, na mgongo ulinisumbua njia nzima. Mjini nilichukua bodaboda hadi shambani kwake. Mke wake alinipokea mlangoni, mama mnene mwenye macho ya kuchoka. Aliniambia mapema, kwa sauti ya chini, "Shemeji, usikasirike akichanganya mambo. Siku nyingine ananiita kwa jina la dada yake."

Alikuwa amekaa barazani, mtu mrefu aliyepungua, fimbo kati ya magoti. Nilisimama mbele yake wima kama zamani.

"Afande, ni mimi." Nikamtajia jina langu.

Uso wake uling'aa. "Karibu, karibu, Jenerali!" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Nilisema tangu mwanzo wewe utafika mbali."

Nikajua amenichukulia mwanafunzi mwingine, mwenzangu wa darasa moja aliyepanda vyeo. Nikamwambia tena taratibu: si yeye, ni mimi, wa Voi. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, akaniuliza kama bado ninaendesha. Mke wake alinitazama kwa huruma, akaenda kutengeneza chai.

Tuliongea habari za ndege. Hapo hakupotea hata kidogo. Alikumbuka injini inavyochelewa kuitikia, na jinsi mwanafunzi mwoga anavyoushika usukani kama anayenyonga kuku. Nikamwambia moja imeletwa Voi. Akatazama migomba.

"Voi," alisema. "Nilikuwa na kijana mmoja wa Voi. Tulipigwa na tai karibu na Miasenyi. Nikamwambia aruke."

Kikombe kilikuwa mkononi mwangu. Nikakiweka chini.

"Kijana mzuri. Alikuwa na mikono myepesi. Nafikiri alikufa."

"Hakufa, Afande."

Akanigeukia kwa ghafla. "Unamjua?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa nimeshasema mara mbili. Lakini alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hakuna mtu amenitazama tangu mke wangu afariki, akisubiri habari zangu kwa moyo wote, nami niliogopa kumkatiza.

"Namjua," nikasema. "Anaishi Voi. Alifundisha hesabu."

"Na mgongo?"

"Unamsumbua baridi ikija. Anatembea."

"Ana mke?"

"Alikuwa naye. Alifariki."

"Pole yake." Alikaa akizungusha fimbo. "Anakaa na nani sasa?"

"Peke yake."

"Hiyo si vizuri," akasema. Kisha akaongeza: "Nilikwenda kumwona hospitali, nikashindwa kumwambia. Mwambie wewe. Mwambie sikubaki kwa sababu ya ushujaa. Watu walinisifu eti niliigeuza ndege isiangukie vibanda. Mimi nilikuwa nahangaika na injini, nilidhani itawaka. Ndege iligeuka yenyewe. Lakini yeye nilimtoa mapema kwa sababu maisha yangu ningeweza kuyachezea bahati nasibu, yake hapana. Yalikuwa si yangu. Utamwambia?"

"Nitamwambia, Afande."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya ndizi za kuchemsha, machozi yakimtoka, kwa kuwa yeye alikuwa ameshaelewa.

Usiku ule Voi nilikaa bila redio. Kwa miaka mingi nilikuwa nimembebea mtu yule ushujaa asiouhitaji. Alichonipa mahali pake kilikuwa kikubwa zaidi, na hakukuwa na mtu nyumbani wa kumwambia kwamba mke wangu alikuwa sahihi.

Sasa huenda chuoni kila Jumatano. Mabawa yameshafungwa. Vijana wamefungua vifuniko vya injini na wanaijua kuliko nilivyowahi kuijua mimi, maana mimi nilifundishwa kuirusha, si kuifungua. Yule msichana wa ovaroli amenitengenezea ngazi fupi ili nisiukunje mgongo nikipanda. Nikiwa na nguvu hukaa kiti cha kushoto, na mmoja wao hukaa kulia akiuliza maswali. Mwenye duka amesikia, na sasa ananiita Rubani, ingawa nafikiri bado ana shaka.

Taveta nimerudi mara kadhaa. Ziara ya pili alinipokea tena kama Jenerali. Kabla chai haijamiminwa aliuliza, "Yule kijana wa Voi, ulimfikishia?"

"Nilimfikishia. Anakushukuru sana."

"Alisema nini?"

"Alisema aliruka kwa sababu alikuamini."

Alifurahi hadi akapiga goti lake kofi. Mke wake alinisindikiza hadi barabarani siku hiyo. "Shemeji," alisema, "mwambie tena. Anastahili kujua, na wewe unastahili kujulikana."

"Nimemwambia, mama. Hashiki."

"Mwambie hata mara mia. Mimi humwambia mimi ni mke wake kila asubuhi."

Kwa hiyo ziara ya tatu niliketi karibu, upande wake wa kushoto, bega kwa bega, nikamwambia, "Afande, yule kijana wa Voi ni mimi."

Alinitazama kwa muda mrefu sana. Alinyoosha mkono akanigusa mgongoni, chini, pale hasa panapouma.

"Wewe?" akasema. "Basi umezeeka vibaya."

Tulicheka mpaka mke wake akatoka jikoni kuona kuna nini. Alinishika mkono asiuachie, akaniuliza habari za mama yangu, za shule, za mke wangu, na safari hii pole alinipa mimi mwenyewe. Ilikuwa labda nusu saa. Kisha mvua ikaanza kunyesha juu ya migomba, akageuka kuitazama, na alipogeuka tena kwangu aliniuliza, "Jenerali, barabara ya Nairobi ilikuwa na magari mengi?"

"Si mengi, Afande," nikamjibu, nikammiminia chai.